Kulala Chomboni, Kuamkia Majini: Mwongozo wa Safari ya Mbizi kwa Mashua ya Tanga Kuzunguka Unguja, Pemba na Mafia

Wengi wanaotaka safari hii huniuliza kwanza: chini tutaona nini? Nitalijibu, lakini baadaye. Kwa ninavyowaona wageni wangu, bahari haiwashindi. Kinachowashinda ni chombo. Mtu ana cheti chake, anazama vizuri, masikio hayamsumbui, na bado siku ya tatu yuko kivulini amejilaza: usiku hakulala, maji hakunywa, kichwa kinamgonga, na mbizi nzuri kuliko zote inampita. Aliyejiandaa kuishi chomboni ndiye anayezifaidi mbizi. Ndiyo maana maelezo yangu yatakaa zaidi juu ya maji kuliko chini yake.

Mimi ni mtu wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, nimekulia kwenye ufukwe unaochongwa majahazi, na kazi yangu ni kuongoza wapiga mbizi kwenye katamarani (chombo chenye matumbo mawili) ya tanga inayozunguka Unguja, Pemba na Mafia. Nawaandikia Waswahili wenzangu kwa sababu wanaokuja siku hizi wengi ni wa kwetu: daktari kutoka Dar, vijana wa Mombasa, Mpemba anayeishi Muscat anayetaka kuiona bahari ya kwao kwa upande wa chini. Maelezo waliyoyasoma hayawaambii kibla iko wapi chombo kikizunguka nangani, wala hayamwambii mtu wa Nairobi kwamba kurudi kwake nyumbani ni kupanda mlima.

Anza na upepo, kisha mwezi

Chombo cha injini kinafuata ratiba. Cha tanga kinafuata upepo, na upepo wetu una miezi yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu Machi. Bahari inapata joto, nyuzi 28 hadi 30, na Februari maji yanakuwa safi hadi unaona kivuli cha chombo kwenye mchanga. Kusi huingia na masika yakielekea kuisha na kukaa mpaka Septemba. Upepo una nguvu, maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi, na upande wa mashariki wa visiwa hauendeki kwa siku nyingi. Kati ya pepo hizo mbili kuna malelezi. Yale ya Oktoba na Novemba ndiyo ninayoyapenda: bahari inalala, tanga linalegea, nahodha anawasha injini, lakini mbizi ni tulivu na unaweza kufika pahali ambapo kusi haikuruhusu miezi mitatu. Ukinitaka nikuchagulie, nitakwambia mwisho wa Oktoba na Novemba, au Februari hadi katikati ya Machi. Mwenye kumtaka potwe (papa nyangumi), aende Mafia kati ya Oktoba na Februari, upande wa Kilindoni, na ajue kwamba potwe huogelewa naye kwa maski na mapezi tu, karibu na uso wa maji, bila tenki. Mwenye moyo wa nyangumi aje Julai hadi Septemba, wanapopita na watoto wao. Chini ya maji utawasikia wakiimba hata usipowaona.

Upepo una jambo jingine ambalo wauzaji wa safari hawalisemi sana. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unazidi nguvu. Kutoka Nungwi hadi Mkoani, bandari ya Pemba, ni maili za baharini kama thelathini. Kwa mwendo wa fundo tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, hizo ni saa sita. Wakati wa kusi, kwenda ni raha: upepo mgongoni, mkondo chini yenu. Kurudi ni mbisho. Pepo za omo (mbele ya chombo), mkondo wa omo, chombo kinapiga kichwa mchana kutwa, na asiyewahi kutapika atatapika. Basi muulize mwenye chombo safari inaanzia wapi na kuishia wapi. Kama unaweza kupandia Unguja na kushukia Pemba, ukarudi kwa meli kutoka Mkoani, chukua hiyo.

Halafu tazama mwezi kabla ya kulipia tarehe. Wazee wetu wavuvi hawakuwa na kitabu cha maji, walikuwa na mwezi, nao unatosha. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, na pwani hii maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Maji hayo yote yanapita kwenye milango ya miamba, na wewe umo ndani yake. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mikondo inapoa. Mpiga mbizi mwenye uzoefu hufurahia bamvua kwa sababu samaki wakubwa huja na mkondo. Mwenye cheti cha juzi namshauri aje na maji mafu, ajifunze bahari ikiwa imetulia.

Ya kuuliza kabla ya kutoa hela

Uliza chombo kimeandikishwa kubeba watu wangapi na safari yako itakuwa na wangapi. Uliza kila mtu ana jaketi la kuokolea la kipimo chake, na ukipanda lijaribu mwenyewe. Sisi wa Unguja na Pemba hatuhitaji kuelezwa kwa nini. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 kwenye maji hayohayo tunayovuka kwenda Pemba, ikiwa imebeba kupita kiasi, na hakuna mtaa kwetu usiojua mtu aliyepotea usiku ule. Nahodha mzuri hachukii kuulizwa. Atakuonyesha redio ya VHF, boya la kuokolea, mitungi ya kuzimia moto, na atakwambia nani anaendesha chombo yeye akilala.

Uliza usiku nani yuko macho. Tarehe 2 Septemba 2019 mashua ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, watu wakiwa wamelala vyumba vya chini. Walikufa 34. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa kwa uhakika, lakini wachunguzi walieleza wazi kwamba hapakuwa na mtu wa zamu anayezunguka chombo usiku. Tangu hapo mimi nina sheria mbili ambazo sizilegezi kwa mgeni yeyote: betri za taa, kamera na simu huchajiwa mchana, mahali pa wazi, mtu akiwa anaziona, na baharia mmoja hukesha kwa zamu hadi alfajiri, hata kama tumetia nanga kwenye ghuba tulivu. Chumba chako kikiwa chini, uliza njia ya pili ya kutokea. Kiwe na mlango na kidirisha cha juu, na ukijaribu kidirisha hicho kifunguke, usikikute kimezibwa na mabegi.

Halafu oksijeni. Hapa fanya hesabu pamoja na mwenye chombo bila kuona haya. Aliyepatwa na ugonjwa wa mbizi (mapovu ya naitrojeni mwilini baada ya kuzama) anahitaji oksijeni safi mfululizo, kwa kawaida lita 15 kwa dakika. Silinda ya lita 2,000 kwa kasi hiyo inaisha kwa saa mbili na dakika chache. Chombo cha fundo tano kikiwa kaskazini ya Pemba kinaweza kuwa saa nne au sita kutoka bandari yenye gari la wagonjwa. Silinda moja haitoshi. Uliza ziko ngapi, zimejazwa lini, nani amefundishwa kuzitumia, na boti gani ya kasi itakuja kumchukua mgonjwa ikiwa chombo chenyewe ni cha tanga. Uliza chemba ya shinikizo (chumba cha kumtibia mgonjwa huyo) iliyo karibu iko wapi na kama inafanya kazi mwezi huo. Mwisho uliza bima. Bima nyingi za kawaida hazitaji mbizi kabisa, kwa hiyo soma masharti, au jiunge na DAN, shirika la wapiga mbizi linaloshughulikia dharura hizi.

La nanga pia nitaliweka hapa kwa sababu linanichoma. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani hii yalikufa. Yanaota tena, polepole. Uliza chombo kinafunga kwenye boya au kinatia nanga kwenye mchanga. Kama jibu ni "popote tu", tafuta chombo kingine.

Maisha ya ndani

Njoo na begi laini linalokunjika. Sanduku la magurudumu halina pa kukaa. Utashangaa unavyohitaji vitu vichache: nguo mbili za kuogea ili moja ikauke, kanga au kikoi, nguo ya mikono mirefu ya kuzuia jua, koti jepesi kwa sababu usiku wa baharini una baridi baada ya mbizi, kofia yenye kamba, tochi ya kichwani. Dada zangu wanaotaka kujisitiri, wetisuti ndefu au nguo ya laikra ya mwili mzima na kilemba cha kuogelea vinafaa kabisa, hata chini ya BCD (jaketi la hewa la mpiga mbizi), na hakuna baharia wetu atakayekutazama mara mbili. Uliza mapema unalala na nani. Chombo kikubwa kwa macho, ndani kina vyumba vinne vya watu wawili wawili, na ni haki yako kutaka ulale na mwanamke mwenzako. Hedhi haikatazi mbizi. Ila njoo na mfuko wako wa takataka, kwa sababu choo cha chomboni ni cha pampu, na bomba lake ni jembamba: hakipokei pedi, hakipokei hata karatasi. Siku ya kwanza baharia ataonyesha kinavyopigwa. Msikilize vizuri, kwa sababu kikiziba kinazibia watu wote.

Maji matamu ndiyo mali ya chombo. Chukua mfano wa tenki la lita 600, watu kumi, siku sita. Kila mtu ana lita kumi kwa siku, humo mna kupikia, kuoshea vyombo na kuoga. Kwa hiyo tunaoga hivi: unaruka baharini, unapanda ngazi, unajisugua sabuni, unaruka tena kuitoa, kisha unajimwagia kata mbili tatu za maji matamu kuanzia kichwani. Chumvi inatoka na mwili unakuwa safi. Vifaa vya mbizi vina beseni lao moja, tunaanza na maski na regulata (kifaa cha kupumulia), wetisuti mwisho. Maji ya kunywa hayamo kwenye hesabu hiyo, yana chupa zake, na hayo kunywa bila kubana, lita tatu kwa siku. Jua, upepo, chumvi na hewa kavu ya tenki vinakukausha usijijue, na mwili mkavu hupatwa na ugonjwa wa mbizi kwa wepesi zaidi.

Udhu wa maji ya bahari unafaa, kwa hiyo usiumie roho kwa ajili ya maji matamu. Na kibla: kutoka kwetu Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Chombo kikiwa nangani huelekeza omo kule upepo unakotoka. Wakati wa kusi basi omo inatazama kusini na kibla iko tezini (nyuma ya chombo), wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Maji yakigeuka na mkondo ukiwa na nguvu, chombo nacho hugeuka, hivyo tazama dira ya mkononi unayopigia mbizi kabla ya kunyanyua mikono. Mnasafiri, ruhusa ya kupunguza na kuchanganya sala mnayo. Kuhusu Ramadhani nina msimamo: simchukui aliyefunga kwa mbizi za mfululizo chini ya jua la siku nzima. Msafiri amepewa ruhusa ya kula, na safari yenyewe inaweza kungoja Shawwal.

Chakula kitakufurahisha. Mpishi wa chombo ndiye mtu muhimu baada ya nahodha, na wa kwetu hupika wali wa nazi na samaki aliyenunuliwa asubuhi hiyo kwa mwenye ngalawa aliyepita ubavuni: changu, kolekole, pweza akipatikana. Sema mapema kama una kisichokuingia. Ukiwa katikati ya mkondo wa Pemba hakuna duka.

Kulala ni hivi: ndani kuna joto na kelele za maji ubavuni, nje kuna upepo na nyota, na wengi siku ya pili wanahamia nje. Jua tu kwamba umande huanguka na shuka inalowa, na tukitia nanga karibu na mikoko mbu huja magharibi bila kukosa. Chandarua na dawa ya kujipaka, tafadhali. Malaria haiulizi kama uko likizo.

Na amri za chombo. Nahodha anaamua chombo, kiongozi wa mbizi anaamua mbizi, na anayesema "leo hapana" kati ya hao wawili ndiye anayefuatwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Utamsikia mgeni akiuliza, "Nahodha, tunafika saa ngapi?" na mzee anajibu, "Tukijaaliwa, kabla ya magharibi, mwanangu." Usidhani anakukwepa. Ametazama mawingu ya Tanga, ametazama maji, amekupa jibu la kweli kuliko saa yoyote. Tanga linapogeuzwa kaa chini, boriti yake hupita usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama.

Kulewa bahari

Hata mabaharia hulewa, kwa hiyo jiandae bila kuona aibu. Dawa hufanya kazi ukiinywa kabla kigegezi hakijaanza, usiku wa kuamkia safari na asubuhi. Mweleze mwenye duka la dawa kwamba utapiga mbizi, na ijaribu ukiwa nyumbani kwanza, maana baadhi huleta usingizi, na usingizi wa dawa mita ishirini chini ni hatari. Chai ya tangawizi inasaidia wengi. Chombo kikiyumba, kaa katikati, tazama mstari wa upeo wa macho, usishuke chini kusoma simu. Kula kidogo kidogo, mkate mkavu au ndizi. Tumbo tupu hutapika vibaya zaidi. Ukiwa majini na kichefuchefu kimekujia, usiitoe regulata mdomoni: tapika ndani yake, ishikilie kwa mkono, bonyeza kitufe, vuta pumzi. Imetengenezwa kustahimili hilo. Mara nyingi ukifika mita tano sita hali inatulia yenyewe kwa sababu mawimbi umeyaacha juu.

Mbizi zenyewe

Usitarajie mbizi tano kwa siku. Mashua kubwa za injini zinaweza, sisi ni mbili au tatu, na sababu iko kwenye kompresa, mashine ya kujazia hewa matenki. Kompresa ndogo inayoingia kwenye chombo cha tanga hutoa lita kama 100 kwa dakika. Tenki la lita 12 lililobaki na bar 50 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), kulifikisha 200 kunahitaji lita 1,800, yaani dakika kumi na nane. Matenki kumi ni saa tatu za mngurumo, na hayajazwi chombo kikiwa kinayumba hovyo. Hivyo siku inakwenda hivi: kuamka saa kumi na mbili, chai na kipande cha mkate, saa moja majini. Staftahi nzito saa tatu, kompresa inanguruma. Mbizi ya pili saa tano. Chakula, usingizi, tanga linapandishwa tunahamia ghuba nyingine, na jioni mbizi ya tatu au ya usiku. Ile ya kina kirefu iwe ya kwanza.

Kuingia majini ni kwa boti ya mpira. Vifaa unavaa ukiwa umekaa, maski umeishika, unajirusha kinyumenyume kwa hesabu ya tatu, wote pamoja. Kutoka, unavua mkanda wa risasi (wa uzito wa kukuzamisha) na BCD ukiwa bado ndani ya maji na kumpa baharia, kisha unapiga mapezi kwa nguvu na kujivuta ndani kwa tumbo. Wenye mabega mazito hujifunza hili siku moja. Ngazi ya tezini ya chombo kikubwa ndiyo ninayoiogopa: bahari ikiwa na wimbi, tezi hupanda na kushuka kama mchi, na ngazi inashuka juu ya kichwa cha anayengoja chini. Kaa mbali mpaka mwenzako amekwisha kupanda, maski usoni, regulata mdomoni, kisha isogelee na uishike ikiwa inapanda.

Sasa chini. Magharibi ya Pemba hakuna mteremko wa mchanga kama uliouzoea kisiwa cha Mnemba kule Unguja. Kuna ukuta. Mkondo kati ya Pemba na bara unafika kina cha mita kama 800, na kisiwa kinasimama ukingoni mwake. Unashuka pembeni ya matumbawe yenye matawi makubwa kama mapepeo, pono wanatafuna mwamba unawasikia, mkunga kichwa nje ya tundu lake, na upande wa pili wa bega lako ni buluu inayokwenda mpaka usione. Huko buluuni ndiko wanakopita mzia kwa makundi, jodari, mara mojamoja kasa anayepanda kuvuta pumzi. Hakuna sakafu ya kukuzuia, kwa hiyo tazama kina chako kila unapotazama kitu kizuri. Cheti cha kwanza ni mita 18, cha pili 30. Ukuta hauulizi cheti, wewe ndiye unayejiuliza.

Milango ya Pemba, kama Njao na Fundo, na ule wa Kinasi unaoingia ghuba ya Chole kule Mafia, ina kanuni moja: tunaingia maji yakijaa, au yakiwa yamesimama. Maji yakijaa, bahari safi inaingia ndani, unaona mbali, na mkondo unakusukuma kuelekea ghuba tulivu. Yakitoka, yanaleta tope la mikoko na kukusukuma kwenye kilindi. Kitabu cha maji kinasema saa, lakini milango ina tabia zake. Nahodha wangu husimama tezini na kipande cha kumbi la nazi, anakitupa, anakitazama kinavyokwenda huku akihesabu chini kwa chini. Kikikimbia, tunakunywa chai. Kikizunguka palepale, anasema neno moja tu, "vaeni," na hapo ndipo nami huwaambia wageni. Tukiwa ndani, kila watu wawili wana boya la kupuliza na filimbi. Ukipotezana nasi, tafuta dakika moja, panda taratibu, mita tisa kwa dakika au pungufu, simama mita tano kwa dakika tatu, rusha boya. Boti ya mpira itakuja kwenye boya. Kichwa cheusi peke yake kwenye mawimbi hakionekani hata kwa mita mia.

Mafia ni tofauti: ghuba, bustani za matumbawe mapana, chewa, samaki wadogo wasiohesabika. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995 na ina kiingilio cha kila siku. Njoo na kitambulisho chako, kwa sababu raia hulipa pungufu.

Kama chombo kina naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) na una cheti chake, itumie. Pima mwenyewe tenki lako na uandike asilimia ya oksijeni. Kwa asilimia 32 kina cha mwisho ni mita 33, na kwenye ukuta wa Pemba ni rahisi kupita hapo bila kuhisi. Uwe na kompyuta yako ya mbizi, usiazime ya mwenzako mbizi moja na ya mwingine mbizi inayofuata, maana hesabu ya mwili wako haimo humo.

Mwili una deni

Naitrojeni hujikusanya siku baada ya siku. Siku ya tatu au ya nne, hata kama kompyuta inaruhusu, kaa nje mbizi moja. Siku hiyo watu wanavua, wanashuka kisiwa cha Misali kutembea, wanalala. Masikio yakaushe kila ukitoka, kwa sababu maji yanayokaa ndani siku nzima huleta uchungu wa tundu la sikio, na ukishika hapo safari imekwisha. Ukiwa na mafua usizame, wala usinywe dawa ya kuzibua pua ili uzame: inaweza kuisha nguvu ukiwa chini.

Baada ya mbizi, kuumwa viungo, ganzi, kizunguzungu, madoa kwenye ngozi au uchovu usioeleweka, sema. Sema papo hapo. Watu wetu wanaona haya, wanasema "nimelala vibaya tu," na saa zinapita. Mgonjwa analazwa chali, anapewa oksijeni, maji kama yuko macho na hatapiki, na simu inapigwa. Harudishwi majini kutibiwa huko, asikudanganye mtu.

Kurudi nyumbani

Baada ya siku kadhaa za mbizi, ngoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, maana juu mgandamizo wa hewa hupungua na naitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu. Mimi nawapangia wageni wangu saa 24, kwa sababu siku ya mwisho tunaishi chomboni bila kuzama hata hivyo: kuosha vifaa, kuvianika, kusafiri. Ndege ndogo za Mafia na Pemba ni ndege pia, hesabu ni ileile. Wanaosahaulika ni wanaorudi kwa njia ya nchi kavu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Lushoto na Arusha karibu 1,400. Treni inayoondoka Mombasa asubuhi inakufikisha Nairobi mchana, na mwili wako unauona mlima huo kama unavyoiona ndege. Kata tiketi ya kesho yake. Lala Mombasa, Tanga au Dar usiku mmoja, kunywa maji, na kompyuta yako ikiwa bado inaonyesha alama ya kukataza ndege, usipande.